Mbona Alikuwa Anaongea?

(Mazungumzo haya yalitangazwa redioni juma lililopita. Tunayachapisha kwa ajili ya wasomaji ambao hawakubahatika kuyasikia.)

Ndugu msikilizaji, mazungumzo yangu ya juma hili yametokana na swali nililoulizwa msibani, huko Gongo la Mboto, upande wa Ulongoni. Aliyeniuliza ni mama mfiwa mwenyewe. Tulikuwa tumekwisha kuzika, watu wamekula ubwabwa, maturubai yanafunguliwa, naye akaniita pembeni kwa kuwa anaifahamu kazi yangu. Akasema: "Kaka yangu, wewe huko redioni unakutana na madaktari. Hebu waulize kwa niaba yangu. Wameniambia mwanangu alichomwa moyo. Sasa mtu aliyechomwa moyo, mbona alikuwa anaongea?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia nitauliza.

Mambo yalikuwa hivi. Kijana wake alikuwa fundi pikipiki, umri wake miaka 23. Jioni moja alizozana na mwenzake kwa ajili ya deni la fedha kidogo, mwenzake akamchoma bisibisi upande wa kushoto wa kifua kisha akatimua mbio. Kijana hakuanguka. Alijishika kifua, akatembea kwa miguu yake hadi kwenye kituo kimoja cha matibabu cha jirani, ambacho sitakitaja jina. Huko walimfungua shati wakaona tundu dogo, halizidi punje ya hindi, na damu imekwisha kuganda. Wakalisafisha kwa spiriti, wakabandika plasta, wakamwambia kwamba jeraha hilo ni la ugomvi, hivyo aende kwanza polisi akachukue fomu. Akaenda. Akaketi kwenye benchi kungojea zamu yake. Baadaye akaanza kuhangaika, akafungua vifungo vya shati, jasho likamtoka, akasema anakosa hewa. Waliokuwapo wakadhani amelewa. Mmoja akamwambia, "Dogo, tulia, utahudumiwa." Alipoinamisha kichwa ndipo watu wakashtuka, ikatafutwa bajaji, na akakata roho kabla hawajafika TAZARA.

Tangu alipochomwa hadi alipoinamisha kichwa ilipita kama saa moja na nusu. Naomba uishike saa moja na nusu hiyo, msikilizaji, maana mazungumzo yangu yote ya leo yamo ndani yake.

Wengi wetu tunaamini kwamba mtu akitobolewa moyo hufa palepale, kama wanavyoanguka kwenye sinema. Ni kweli kwamba wengi wa wanaojeruhiwa moyo hawafiki hospitali wakiwa hai, hasa waliopigwa risasi, kwa sababu risasi hupasua kila kitu na damu hufurika kifuani. Lakini kisu chembamba, bisibisi au spoku ya baiskeli iliyonolewa hufanya jambo jingine kabisa.

Moyo haukai wazi kifuani. Umefungwa ndani ya mfuko mgumu usiovutika upesi, na kati ya moyo na mfuko huo mna majimaji machache tu ya kulainisha. Bisibisi inapopenya, hutoboa mfuko, hutoboa na ukuta wa moyo, kisha hutoka. Tundu la mfuko mara nyingi huzibwa na bonge la damu au mafuta. Basi damu inayovuja kutoka moyoni haina pa kwenda. Hujaa ndani ya mfuko. Hapo ndipo penye maajabu ya jambo hili: damu ile iliyojaa huukandamiza moyo na kwa muda huzuia damu zaidi isimwagike nje. Ndiyo maana kijana alitembea, ndiyo maana aliongea, ndiyo maana shati lake halikulowa. Lakini kadiri mfuko unavyojaa, moyo unakosa nafasi ya kutanuka ili upokee damu inayorudi kutoka mwilini. Hauwezi kusukuma kile ambacho haukupokea. Kwa mtu mzima, damu ya kiasi cha nusu chupa ndogo ya soda, ikijaa humo kwa ghafla, yatosha kuusimamisha. Huyu hafi kwa kuishiwa damu. Hufa kwa kubanwa moyo.

Dalili zake zinajulikana siku nyingi. Mnamo mwaka 1935 daktari wa Kimarekani, Claude Beck, alizieleza tatu: shinikizo la damu limeshuka, mishipa ya shingo imevimba, na mapigo ya moyo yanasikika kwa mbali kama ngoma iliyofunikwa blanketi. Zote tatu hazionekani kwa kila mgonjwa. Aliyepoteza damu nyingi mishipa yake ya shingo haivimbi. Lakini lile la kuhangaika, kuvua shati, kutaka kuketi na kukataa kulala, hilo hata asiye daktari huliona. Tatizo ni kwamba tukiliona tunasema amelewa.

Wala usidhani ni maskini wa pembezoni mwa mji tu wanaopatwa na haya. Tarehe 10 Septemba 1898, mjini Geneva, Malkia Elisabeth wa Austria alikuwa akitembea kwenda kupanda meli ya ziwani. Mtu mmoja, Luigi Lucheni, akamrukia na kumchoma kifuani kwa tupa iliyonolewa. Malkia alianguka, akainuliwa, akadhani amepigwa ngumi tu, akaendelea kutembea hadi akapanda meli. Humo ndimo alimozimia. Walipolegeza nguo yake ya kubana kifua ndipo walipoona alama ndogo ya damu. Hakupona. Tundu lilikuwa dogo na moyo ulikuwa umetobolewa, naye alitembea. Tupa ya Geneva na bisibisi ya Gongo la Mboto ni ndugu.

Linaloumiza zaidi katika kisa cha Malkia huyo ni kwamba wakati huo dawa ya jeraha lake ilikuwa imekwisha kupatikana, tena miaka miwili kabla. Kwa karne nyingi madaktari waliuogopa moyo. Waliuona kama kitu kisichoguswa, na mpasuaji ambaye angethubutu kuushona angeonekana mwendawazimu. Kisha mwezi Septemba 1896, mjini Frankfurt, aliletwa hospitali kijana wa miaka 22, msaidizi wa bustani, aliyechomwa kisu kifuani. Daktari Ludwig Rehn alimwangalia akizidi kudhoofika. Tarehe 9 akaamua kufungua kifua. Alikuta tundu kwenye chemba ya chini ya kulia, ile iliyokaa mbele nyuma ya kidari, ambayo ndiyo hupatwa zaidi na visu. Akaweka kidole juu ya tundu, damu ikasimama, akashona nyuzi tatu za hariri huku moyo ukipiga. Kijana akapona.

Tumwangalie na Luther Hill, mpasuaji wa Montgomery, katika jimbo la Alabama, Marekani. Mwezi Septemba 1902 aliitwa usiku kwenye kibanda cha watu weusi maskini. Mtoto wa miaka 13 alikuwa amechomwa kisu saa kadhaa zilizopita na moyo wake ulikuwa ukibanwa. Hill hakuwa na chumba cha upasuaji wala taa ya umeme. Walimlaza mtoto juu ya meza ya jikoni, wakawasha taa mbili za mafuta ya taa, na kwa muda usiofika saa moja akafungua kifua, akatoa damu iliyojaa kwenye mfuko na kushona chemba ya kushoto ya moyo. Mtoto aliishi. Nimetaja meza ya jikoni kwa makusudi, kwa sababu sisi hapa tuna desturi ya kusema kwamba mambo ya moyo ni ya wazungu wenye mitambo.

La hasha. Mitambo mikubwa inahitajika pale unapotaka kuusimamisha moyo ili utengeneze vali zake au mishipa yake. Kushona tundu la kisu ni kazi nyingine. Mpasuaji huingia kati ya mbavu upande wa kushoto, chini ya chuchu, akakata kutoka karibu na kidari hadi kuelekea kwapani, akatanua mbavu kwa chuma. Au huupasua mfupa wa kidari katikati kwa msumeno. Huufungua mfuko, huchota mabonge ya damu kwa mkono, na mara nyingi hapohapo moyo uliokuwa unatapatapa hurudia nguvu zake, kama mtu aliyeondolewa gunia kifuani. Kisha kidole juu ya tundu. Kidole! Chombo cha kwanza cha upasuaji huu kila mtu anacho. Tundu likiwa kubwa kuliko kidole, wapasuaji hutumbukiza ule mpira wa mkojo unaopatikana katika kila wodi, huujaza maji puto lake la ncha, huuvuta taratibu, nalo puto huziba tundu kwa ndani wakati wa kushona. Nyuzi hupitishwa kwa uangalifu ili zisifunge mishipa midogo inayoulisha moyo wenyewe, na penye nyama laini huwekwa vipande vidogo vya kitambaa ili uzi usikate.

Nusu kaputi nayo ina hatari yake. Mgonjwa wa namna hii anajikaza kwa nguvu za mwisho, na dawa ya usingizi inaweza kumlegeza akafa mezani kabla hajaguswa. Kwa hiyo hupakwa dawa ya kuua vijidudu na kufunikwa mashuka akiwa macho, mpasuaji amekwisha kunawa na kisu ki mkononi, ndipo mlaza usingizi afanye kazi yake. Nilipoelezwa hilo nilinyamaza kidogo. Fikiria wewe ndiye uliyelala pale.

Wenzetu wa Afrika Kusini wameyajua haya kwa njia chungu, kwa sababu ya visu vya mitaani. Katika hospitali ya Baragwanath huko Soweto, na Groote Schuur mjini Cape Town, wapasuaji wa majeruhi hushona mioyo bila kumngojea bingwa wa moyo. Groote Schuur ndiko Christiaan Barnard alikopandikiza moyo mwaka 1967, na dunia nzima ikaimba. Lakini kwa fundi pikipiki wa Ulongoni, habari kubwa zaidi ya hospitali hiyo ni ile iliyochapishwa mwaka 2014. Madaktari wake waliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 111 waliochomwa kifuani, wenye damu katika mfuko wa moyo lakini hali zao zikiwa tulivu. Wengine walipasuliwa kidari, wengine walitolewa damu kupitia tundu dogo chini ya kidari na kuwekewa mpira wa kunyonya. Wale wa tundu dogo hawakufanya vibaya kuliko wale wa msumeno. Nasisitiza, ni wale waliokuwa tulivu. Anayezimia, sharti afunguliwe.

Na sisi je? Hatuko mikono mitupu, na si haki kusema kwamba hakuna kilichofanyika. Idara ya magonjwa ya dharura ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010. Upasuaji mkubwa wa moyo ulianza hapohapo Muhimbili mwaka 2008, baada ya miaka mingi ya kuwapeleka wagonjwa wetu India, na mwaka 2015 ikaanza Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Siku hizi taasisi hiyo inaendesha pia hospitali ya Dar Group pale TAZARA, kwenye barabara ileile inayotoka Gongo la Mboto. Kipimo cha utrasaundi, ambacho kinaonyesha damu iliyo kwenye mfuko wa moyo kwa dakika mbili tatu, kimeenea hadi kwenye vituo vidogo. Wanakitumia kwa wajawazito. Kichwa hichohicho cha mashine kikiwekwa chini ya kidari, kwa mtu aliyefundishwa, kinaonyesha moyo.

Watu wa Gongo la Mboto wenyewe hawahitaji kuhubiriwa juu ya vyuma vinavyoingia mwilini. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 ghala la mabomu la jeshi lililipuka hapo, vipande vikaruka na kuangukia nyumba za watu. Watu zaidi ya 20 walikufa, mamia walijeruhiwa, maelfu walikimbilia Uwanja wa Uhuru, watoto wakapoteana na wazazi wao gizani. Ilikuwa mara ya pili katika mji wetu, maana Mbagala yalikuwa yamelipuka tarehe 29 Aprili 2009. Usiku ule hakuna aliyeulizwa fomu. Magari ya watu binafsi, daladala, malori, yote yalibeba majeruhi kuelekea Amana, Temeke na Muhimbili. Kumbe tunaweza! Na kipande cha bomu kikiingia kifuani si lazima iwe mwisho: wakati wa vita vya pili vya dunia, daktari Dwight Harken, akifanya kazi Uingereza, alitoa vyuma 134 kutoka katika vifua vya askari, ndani na kandokando ya moyo na mishipa yake mikubwa, na hakumpoteza hata mmoja.

Ninachouliza ni kwa nini msiba wa watu wengi unatufungulia milango, lakini mtu mmoja aliyechomwa bisibisi siku ya kawaida anakalishwa kwenye benchi.

Tuizungumze hiyo fomu, ile iitwayo PF3. Ina kazi yake na siidharau. Ni ushahidi wa mahakamani: daktari anaandika alichokiona, na bila hiyo aliyechoma anaweza kutoka akitembea. Lakini ushahidi unaweza kuandikwa baada ya mgonjwa kufungwa jeraha, hata kesho yake. Viongozi wamelisema hilo mara nyingi, kwamba wa dharura atibiwe kwanza. Wenzetu wa Kenya wameliandika ndani ya Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 43, kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Hapa kwetu agizo hufika kwenye vituo vikubwa, lakini huko chini bado yuko mhudumu anayeogopa kuulizwa na polisi kuliko anavyoogopa mgonjwa kumfia. Namwelewa, lakini simkubalii. Na nje yuko dereva wa bodaboda anayeogopa kubeba mtu mwenye damu asije akashikwa yeye. Huyo naye namwelewa zaidi.

Halafu kuna njia. Kutoka Gongo la Mboto Mwisho, kupita Majumba Sita, uwanja wa ndege, Kipawa hadi TAZARA, saa za jioni, kila mtu anazijua foleni zake, hata baada ya daraja la Mfugale kufunguliwa mwaka 2018. Tunao tayari mfano wa jinsi ya kulitatua hili. Mpango wa m-mama unampa mama mjamzito namba moja ya simu, 115, na pale gari la wagonjwa lisipopatikana huitwa dereva wa mtaani aliyesajiliwa, naye hulipwa. Sioni sababu mpango wa namna hiyo usimbebe na kijana aliyechomwa kifuani, nao upige simu mbele ili chumba cha upasuaji kiandaliwe na damu itafutwe kabla bajaji haijafika getini.

Mpaka hapo patakapofikiwa, kazi inabaki mikononi mwa jirani. Ukikuta mtu amechomwa kifuani, au juu ya tumbo, au mgongoni, na kisu bado kimo, usikichomoe. Kisu kile ndicho kizibo, na kitatolewa na mpasuaji huku akiona. Kikiwa kimetoka na damu inachuruzika, kandamiza kwa khanga safi. Usimpe maji wala maziwa, maana anakwenda kulazwa usingizi. Akitaka kuketi, mwache aketi. Tazama saa na uikumbuke. Usimpeleke mahali kwa sababu pako karibu tu; mpeleke panapo mpasuaji, na mmoja wenu atangulie kwa simu aseme maneno matatu: amechomwa kifua. Akikutwa ni kibaka, vilevile. Hukumu ina mahali pake na wakati wake, na maiti haihukumiwi.

Mhudumu wa kituo kidogo naye nina neno kwake. Usipime jeraha la kifua kwa ukubwa wa tundu. Chunguza shingo, shika mapigo, uliza kilichomchoma kilikuwa na urefu gani. Na usiseme "anaongea, huyo mzima."

Juma lililopita nilirudi Ulongoni kwa yule mama na majibu yangu. Alikuwa uani anachambua mchele, akanipa kigoda. Nilimweleza habari ya mfuko wa moyo, jinsi unavyoziba na jinsi unavyobana, nikatumia mkono wangu mmoja kama moyo na mwingine kama mfuko. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akaweka ungo chini, akaniuliza:

"Kwa hiyo, kaka yangu, pale kwenye benchi alikuwa bado anaponyeka?"

Nikamwambia, ndiyo, mama. Yawezekana kabisa.